Karatasi ya Moshi

Kwa miaka miwili niliishi na mtu aliyekufa kabla babu yangu hajazaliwa. Alikuwa msomi wa Ulaya wa karne ya kumi na tisa, mfasiri wa fasihi ya Kiarabu, na jina lake sitaliandika hapa. Alipokuwa hai alilipenda sana, nadhani lilimtosha. Nilikutana naye Goma, chuoni, ndani ya sanduku la vitabu ambalo padri mmoja alimwachia mwalimu aliyekuwa akinisimamia. Wenzangu walikuwa wakiandika juu ya migogoro ya mashamba, juu ya kambi, juu ya watoto wasiosoma. Mimi nilikuwa nimechoka kutukuta sisi wenyewe kila mahali tukiwa tatizo la mtu fulani. Nikazitoa zile juzuu mbili nene za hadithi za Kiarabu alizozitia katika Kifaransa, nikapangusa vumbi, nikasema nataka huyu.

Mwalimu alicheka. "Utamufanyia nini, dada? Yeye hata hakujua Masisi yenu iko upande gani."

"Njo sababu namupenda," nikamjibu.

Sikumpenda kwa muda mrefu. Katika dibaji yake alieleza bila haya kwamba hakuwahi kufika nchi yoyote ya Waarabu. Kifua chake kilikuwa kibovu, na mama yake hakutaka asafiri. Alifanya kazi yote katika chumba cha baridi, amevaa koti, miguu ndani ya blanketi. Lugha alifundishwa na mzee mmoja Mkristo wa Shamu aliyekimbilia mji wake. Hati aliyoifasiri ilikuwa ya zamani, imeliwa na wadudu, na kila alipofika penye tundu alimwuliza yule mzee: hapa palisema nini? Mzee alifumba macho akasimulia kama alivyosikia kwao utotoni, na mfasiri akaandika. Ndani ya kitabu chenyewe hakuweka alama yoyote. Msomaji anapita juu ya tundu bila kujua kwamba chini yake hakuna kitu.

Sura yangu ya tatu ilikuwa juu ya matundu hayo. Niliyaita viraka. Niliuliza: yule mzee aliambiwa na nani? Na aliyemwambia, aliambiwa na nani? Nikaandika kwamba kinywa cha mtu si hati, na nikajivunia sana maneno hayo. Siku ya kutetea kazi yangu mmoja wa walimu aliyasoma kwa sauti, ukumbi ukatikisa kichwa kukubali.

Siku hiyo hiyo nilifanya kosa. Nyuma ya juzuu ya pili kulikuwa na jedwali la herufi za Kiarabu, na nilikuwa nimejifunza zote, kwa sababu sikutaka kumshtaki mtu kwa jambo ambalo hata umbo lake silijui. Niliweza kuziandika na kuzitamka polepole, moja moja. Lugha yenyewe sikuijua, labda maneno kumi. Lakini siku hiyo, kwa majivuno tu, nilikwenda ubaoni nikaandika kichwa cha hadithi mojawapo, kutoka kulia kwenda kushoto, bila kusimama. Mama yangu alikuwa amekaa mbele, amevaa kitenge kipya, na kaka yake pembeni. Waliona mkono wangu unavyokwenda. Tangu hapo, kwa ukoo mzima, mimi ninajua Kiarabu.

"Mama, najua herufi tu," nilimwambia.

"Herufi njo Kiarabu," akasema. "Ama kuko kingine kimefichwa nyuma yake?"

Swali hilo lilikuwa zuri kuliko yote niliyoulizwa ukumbini.

Vita iliporudi tuliacha shamba letu la maharage, tukashukia Lushebere, kwenye kambi ya wakimbizi. Nilikuwa pale, nikifundisha watoto wa kambi chini ya turubai, wakati mwendesha pikipiki mmoja alipokuja na ujumbe kutoka Walikale. Mama mkubwa, dada mzaliwa wa kwanza wa mama yangu, ananiita. Niende na kalamu yangu.

Mambo yalikuwa hivi. Mama mkubwa ni mjane. Anaishi upande wa msitu, ukingoni mwa kijito, kwenye shamba la baba yake: mihogo, migomba, michikichi michache, nyumba ya udongo, na nyuma ya nyumba makaburi matatu, la mumewe na ya watoto wake wawili. Sasa alikuwa amekuja mtu na karatasi ya ofisi yenye mhuri, akisema eneo lote lile ni lake, na kijito anakitaka kwa kusafishia mawe ya machimbo. Shefu wa kijiji aliweka siku ya baraza. Mama mkubwa naye alikuwa na karatasi. Ilikuwa ya zamani za mababu, imeandikwa kwa herufi za Waarabu, na hakuna aliyewahi kuisoma. Akasema yuko na mtoto wa mdogo wake aliyesomea mambo hayo Goma.

"Nenda," mama akaniambia. "Dada yangu akitoka pale, atatoka na nini? Makaburi haibebwi."

Nikaenda. Siku mbili kwenye pikipiki, matope mpaka magotini, tukilala kwa watu wa kanisa. Kwenye kizuizi kimoja mtu mwenye bunduki alifungua mfuko wangu akakuta daftari langu la chuo, na ndani yake ukurasa niliojizoezea herufi.

"Hii iko nini?"

"Maombi," nikasema.

"Maombi ya nani?"

"Ya safari. Ya kuomba barabara ikuwe muzuri."

Aliuangalia tena, akaugeuza juu chini, akanirudishia kwa mikono miwili. "Basi utuombee na sisi, mama muchungaji." Ukurasa ule ulikuwa na kichwa cha hadithi ya mfanyabiashara na kasuku wake, nimekirudia mpaka chini. Nilidanganya haraka, bila kuhema. Nalitaja jambo hili kwa sababu baadaye lilinisumbua.

Mama mkubwa alinipokea kwa sombe ya majani ya mihogo na samaki wa kukaushwa, akanitazama nikila kama mtu anayelisha ng'ombe atakayemkamua kesho. Ni mwembamba, mrefu, na anacheka kwa pua. Kisha akanionyesha mahali karatasi ilipo, bila kuigusa. Juu ya moto wa jikoni kulikuwa na dari ya fito ambapo hukaushwa mahindi na nyama, na katikati ya fito kulikuwa na kipande cha mwanzi, cheusi kwa moshi, kimezibwa kwa nta ya nyuki. Moshi unafukuza wadudu, ndiyo maana haikuliwa. Nikamfikiria mfasiri wangu na hati yake yenye matundu. Laiti angekuwa na jiko kama hili badala ya lile koti.

"Tuifungue sasa, nianze kusoma," nikasema.

Alinitazama kana kwamba nimeomba kufungua kaburi.

Ndipo nikaelezwa desturi. Mwanzi haufunguliwi ila mbele ya watu wawili wenye kugombana, wote wakiwapo. Hauvuki kijito. Na msomaji, akishapewa, anakaa peke yake mahali ambapo kila mtu anamwona, na hakuna anayemsemesha wala yeye hasemeshi mtu, mpaka amalize. Hivyo ndivyo walivyofanya mababu ili mtu asinong'onezwe. Lakini kwa desturi hiyo hiyo karatasi haikuwahi kusomwa: waliojua kusoma walikuwa ng'ambo, na karatasi haivuki.

"Kwa hiyo hakuna anayejua inasema nini," nikasema.

"Nani amekuambia? Mimi najua yote."

Akaketi sawasawa, akaweka mikono juu ya magoti, akaisoma karatasi ambayo hakuwahi kuiona. Kutoka kijito, kupanda mpaka jiwe lenye mgongo. Kutoka jiwe, kushuka na njia ya nguruwe pori mpaka miti ya ngazi, yaani ile michikichi. Kutoka ngazi kurudi kijito; zile ngazi za ng'ambo ya njia ni za jirani. Bangwana wenyewe, wale watu wa kanzu waliokuja zamani za biashara ya pembe, walimwandikia babu ya babu yake kwa sababu aliwaonyesha njia. Aliyasema yote bila kukwama, kama mtu anayesali.

"Ulisikia kwa nani, Mama mukubwa?"

"Kwa baba."

"Na baba?"

"Kwa baba yake. Sasa wewe unaniuliza kama polisi?"

Mwanawe, binamu yangu, alikuwa mlangoni akinoa panga. Ni mkubwa kwangu kwa mwaka mmoja, hakumaliza shule, na hajawahi kunisamehe mimi kuimaliza. "Dada, wacha nikusaidie," akasema. "Kesho unashika karatasi, unakunja sura hivi, unakohoa kidogo, unasema ile Mama amesema. Nani atauliza? Shefu anajua Kiarabu? Yule mutu wa mawe anajua?"

"Na kama haisemi vile?"

"Inasema."

"Umejuaje?"

"Maana tuko hapa," akasema, akarudia kunoa.

Niliyoyasikia jioni ile yalikuwa yaleyale ya sura yangu ya tatu: mzee anafumba macho, anasimulia, na mwenye kalamu anaandika. Tofauti ni kwamba mfasiri wangu aliziba matundu ili kitabu kipendeze, na hapa kulikuwa na mwanamke wa miaka mingi aliyekuwa akifagia makaburi matatu kila Jumamosi. Nilijiuliza pia jambo jingine, na hilo sikulisema. Watu wa kanzu waliopita msitu huu walikuja kuchukua, pembe na watu. Tangu lini mtu aliyekuja kuchukua akakuandikia kwamba shamba ni lako?

Baraza lilifanyika asubuhi, kwenye uwanja wa kanisa, upande huu wa kijito, viti vimetolewa nje. Shefu alikuwa mtu wa makamo mwenye simu mbili na sauti ya chini. Mtu wa mawe nilitarajia awe mkali, lakini alikuwa mpole. Alimpa mama mkubwa kiti chake, akamwita Mama, akasimama yeye. Karatasi yake ilipita mikononi mwa wazee. Waliugusa mhuri kwa kidole kuona kama wino unatoka. Haukutoka.

Kisha mama mkubwa akauweka mwanzi juu ya meza. Nta ilipasuliwa kwa kisu, mbele ya wote wawili, na harufu ya moshi ikatoka mpaka nyuma walikokaa wanawake. Karatasi ilikuwa ndogo kuliko nilivyofikiri, ya rangi ya chai, imeviringwa kwa nguvu. Nilipewa kiti nje ya duara, juani. Shefu akaniita kwa shahada yangu, "Mama licenciée, tunakungoja." Watu wakacheka kidogo, kisha wakanyamaza, na sikusemeshwa tena.

Mistari ilikuwa nane. Ukingo mmoja ulikuwa umekatika na doa kubwa lilikuwa limekula katikati ya mistari mitatu. Mwandiko ulikuwa wa mtu mwenye haraka. Neno la kwanza juu nililitambua, kwa sababu ndilo linaloanza kila hati: jina la Mungu. Nikaingia mstari wa pili, nikatamka herufi moja moja kimoyomoyo, na hakuna kilichokuja. Nikarudia. Nikajaribu wa tatu. Nilikuwa nikitafuta Kiarabu changu cha maneno kumi na sikioni hakukuwa na kitu. Jua lilipanda. Niliwaona watu wakinitazama, binamu yangu akijikohoza ili anikumbushe.

Mara sauti zikakaa. Mīm, tā, wāw. Mtu. Nikadhani nimechoka. Nikaenda mbele: na mke wake. Mstari unaofuata: mtu, na mtoto. Karatasi haikuwa ya Kiarabu. Ilikuwa ya Kiswahili, kimeandikwa kwa herufi zile kama watu wa pwani walivyokuwa wakiandika, na mimi niliyeletwa kwa sababu ya Kiarabu nilikuwa nikisoma lugha ya mama yangu.

Kwa dakika chache nilifurahi kama mpumbavu. Kisha nikaanza kuelewa.

Juu, baada ya jina la Mungu, palisema watu wa kijito hiki, na jina la kijito lilikuwa lile lile linaloitwa mpaka leo. Chini yake ni watu tisa. Kila mstari mtu, au mwanamke, au mtoto, na jina, na mwishoni neno moja linalorudiwa: amepelekwa. Majina mengine sikuweza kuyashika, herufi hazikutosha. Katikati, juu kidogo ya doa, kulikuwa na mwanamke mmoja na mtoto wake mgongoni. Jina lake lilikuwa safi kabisa. Lilikuwa jina la mama mkubwa, jina ambalo kwao hupewa binti wa kwanza, kizazi hata kizazi.

Nilikaa na karatasi ile magotini, na sikujua la kufanya. Najua wengine wataniambia ningefanya nini. Binamu yangu bado ananiambia. Maneno yalikuwa tayari kinywani: kijito, jiwe lenye mgongo, njia ya nguruwe pori, ngazi. Ningekunja sura, ningekohoa. Kwa ajili ya ngozi yangu nilimdanganya mtu wa kizuizi bila kufikiri, na kwa ajili ya shamba la mama mkubwa nilianza kufikiri. Nilitaka kuamini kwamba niliwaheshimu wale tisa, kwamba kuwafunika kwa michikichi kungekuwa kuwapeleka mara ya pili. Labda ni kweli. Labda pia sikutaka kuwa yule mfasiri. Nilikuwa nimemhukumu mbele ya walimu, na bado nilitaka kushinda kesi ile. Siwezi kuvitenganisha vitu hivyo viwili mpaka leo.

Nilisimama nikasoma. Nilisoma polepole, na nilipofika penye doa nilisema: hapa sioni. Nilipofika kwenye jina lile nilimtazama mama mkubwa. Hakubadilika uso. Mikono yake tu ilitoka juu ya magoti ikashikana.

Kisha mzee mmoja akauliza, "Na mupaka?"

"Haina," nikasema. "Mupaka haina."

"Soma tena," akasema mama mkubwa. "Labda iko nyuma."

Niligeuza karatasi mbele ya macho yao wote. Nyuma kulikuwa na moshi tu.

Mtu wa mawe aliinua mkono kwa adabu, kama mwanafunzi. "Shefu, mimi nasikitika, kweli. Ni mambo mabaya ile walifanya. Lakini tumesikia sisi wote. Watu ya hapa walipelekwa. Karatasi ya Mama yenyewe njo inasema. Basi shamba lilibakia bila mwenyewe. Hawa ya leo walikuja nyuma, sawa tu na mimi."

"Kama hakuna mutu alirudia," akasema mama mkubwa, "mimi nilizaliwa na nani? Na mahindi?"

Watu wakacheka, hata shefu. Nilidhani kicheko kile kitatuokoa. Lakini shefu alijifuta mdomo akasema kwa ile sauti yake ya chini: "Mama, mimi nakuamini. Weye uko wa hapa. Lakini karatasi inasema walipelekwa, haisemi walirudi. Na hii ingine iko na mhuri. Mimi nitafanya je? Kinywa ya mutu haiko karatasi."

Nilisikia maneno yangu ya sura ya tatu yakitoka kinywani mwake, na uwanja mzima ukatikisa kichwa vilevile.

Binamu yangu husema mambo yalikuwa yamekwisha kabla hata mwanzi haujafunguliwa, na kwamba hata kama ningesoma mipaka kutoka mbinguni shefu angepata njia nyingine. Huenda. Nimeliuliza jambo hilo kwa kila upande na sijapata pa kusimama. Kama ndivyo, basi sikuharibu kitu. Kama sivyo, niliharibu kila kitu kwa kusema kweli, na ile kweli haikumsaidia hata mmoja wa wale tisa.

Mama mkubwa alipewa muda mpaka mihogo ing'olewe. Nilibaki nimsaidie. Sikuwa na uso wa kurudi mapema Lushebere, na kung'oa mihogo angalau ni kazi ambayo mtu anaona imekwisha. Tulifanya kazi bila maneno mengi. Siku ya kwanza nilianza kuomba msamaha, akanikatiza.

"Uliona jina yangu kweli?"

"Niliona."

"Na mutoto mugongoni?"

"Ndiyo, Mama mukubwa. Imeandikwa hivyo."

Akang'oa shina jingine, akatikisa udongo. "Sasa huyo mutoto alienda wapi?"

Nilisema sijui. Alingoja kidogo, kana kwamba mtu aliyesoma Goma huenda akawa na jibu la pili mfukoni, kisha akaendelea na kazi. Jioni ile, akimenya, alinieleza jinsi mama yake alivyokuwa akimbeba yeye mgongoni kwenda kijitoni, na nikaelewa kwamba alikuwa akimtafutia mtoto yule mahali pa kukaa.

Mtu wa mawe alikuja siku moja kutazama. Aliyazunguka makaburi kwa mbali, akavua kofia. Akasema hatayagusa, ataweka fito kuyazunguka. Mama mkubwa akamwambia, "Fito inaoza, Papa." Akasema ataweka za chuma. Sina sababu ya kumwita mwongo. Sina sababu ya kumwamini pia.

Magunia yalipokuwa tayari na watu wa kubeba wamekuja, mama mkubwa aliniita jikoni. Moto ulikuwa umezimwa, na dari ya fito ilikuwa tupu, isipokuwa mwanzi. Alikuwa ameuzibua mwenyewe. Karatasi ya zamani ilikuwa ndani bado. Akasema lete daftari yako ya herufi.

"Kata karatasi moja. Andika na ile maandiko yao."

"Kwa nini yao? Niandike ya kwetu, kila mutu atasoma."

"Ya kwetu kila mutu anaandika, kila mutu anapiga mhuri juu yake," akasema. "Andika ile."

Nikaketi juu ya gunia. Aliniambia majina ya wale watatu wa nyuma ya nyumba, mumewe kwanza. Nikayaandika kwa herufi nilizojifunza katika jedwali la mtu aliyekufa, kutoka kulia kwenda kushoto, nikitafuta kila moja kichwani kama ufunguo. Sijui kama ni sahihi. Mtu anayezijua kweli huenda angecheka. Kisha akaniambia niandike kwamba wamelala hapa, hawakupelekwa. Nikaandika.

"Sasa weka mupaka."

Akafumba macho, mikono juu ya magoti. Kutoka kijito, kupanda mpaka jiwe lenye mgongo. Kutoka jiwe, kushuka na njia ya nguruwe pori. Kalamu yangu ilimfuata. Alipofika kwenye miti ya ngazi hakurudi kijitoni kama ile jioni ya kwanza. Akaendelea.

"Mpaka ngazi. Na zile ngazi za ng'ambo ya njia."

Nikainua kalamu. "Zile za ng'ambo haikuwa zenu, Mama mukubwa. Wewe mwenyewe ulisema zilikuwa za jirani."

Alifungua jicho moja. "Weka."

"Lakini haiko kweli."

"Itasomwa na nani? Na lini? Weka tu, mutoto yangu. Huyo atakayesoma, mupatie kitu."

Nje binamu yangu alikuwa akiita kwamba wabebaji wanataka kuondoka kabla ya mvua. Nikaangalia ukurasa: majina matatu, kijito, jiwe, njia. Palibaki nafasi ya mstari mmoja. Nikaziandika zile ngazi za ng'ambo, nikaviringa karatasi, nikaisukuma ndani ya mwanzi juu ya wale tisa. Mama mkubwa aliyeyusha nta kwa kiberiti, akaziba, akapuliza mpaka ikakauka. Kisha akaweka mwanzi ndani ya sufuria, sufuria kichwani, na tukavuka nao kijito.